Kalamu Mkononi mwa Mkatekumeni



Wapendwa wakatekumeni wa Kalehe, na ninyi nyote mnaosoma fundisho hili kando ya ziwa na juu milimani,

Siku hizi vijana wengi wanaohudhuria mafundisho wanauliza swali ambalo wazee wetu hawakupata kuliuliza: "Mwalimu, nataka kuandika katika intaneti, ili watu wa mbali wasome habari za kwetu. Nianzeje? Tena, je, kazi hiyo yamfaa mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo?"

Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu kamili. Jibu fupi ni hili: ndiyo, kazi hiyo yamfaa, mradi ajifunze kwa utaratibu, kama alivyojifunza kufanya ishara ya msalaba. Mtoto hafundishwi ishara ya msalaba kwa haraka. Huonyeshwa kipaji cha uso, kisha kifua, kisha mabega, hata mkono wake uzoee. Ndivyo ilivyo kwa kalamu. Basi tufuatane hatua kwa hatua.

I. KANISA HALIKUOGOPA KALAMU

Mwaka 1594 padri mmoja kijana, Fransisko wa Sales, alitumwa katika nchi ya Chablais, kusini mwa ziwa la Geneva. Watu wengi wa huko waliogopa kumsikiliza hadharani. Yeye hakukasirika, wala hakurudi kwao. Aliandika mafundisho mafupi katika karatasi, na karatasi hizo zikapenyezwa chini ya milango ya nyumba. Mtu aliyeogopa kuonekana kanisani aliweza kusoma peke yake, nyumbani mwake, kwa utulivu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1923 Papa Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya kupashana habari: magazeti, sinema, redio na televisheni. Wakati ule intaneti ilikuwa haijazaliwa. Lakini Mababa wa Mtaguso walifundisha jambo ambalo halikuzeeka: vyombo hivyo ni matunda ya akili ambayo Mungu amewapa wanadamu; tena habari inayotolewa yapaswa kuwa ya kweli, na itolewe kwa haki na kwa mapendo.

Katika siku zetu Mungu ametupa mfano wa kijana. Carlo Acutis alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakulia Milano, nchi ya Italia. Alipenda mashine za kompyuta, akajifunza kutengeneza kurasa za intaneti. Je, alizitumia kujisifu? Hapana. Alichagua jambo moja tu, miujiza ya Ekaristi, akakusanya habari zake kwa subira, mahali kwa mahali, akazipanga ili kila mtu aweze kuzisoma. Alikufa kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, mwenye umri wa miaka 15. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba intaneti ni kazi ya shetani. Panga hukata kuni, na panga laweza kumjeruhi ndugu. Anayeulizwa hesabu ni mwenye mkono.

II. SAMBAZA WA ZIWA LETU

Ninyi nyote mwawajua sambaza. Usiku mwaziona taa za wavuvi ziwani, mwasikia nyimbo zao, na asubuhi samaki wadogo wanaanikwa juani. Lakini vijana wengi hawajui kwamba samaki hao hawakuwako tangu zamani katika ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa wachache. Wakazaana, wakaenea, na leo wanalisha watu kutoka Bukavu hadi Goma, na kisiwa cha Idjwi chote.

Tazameni jina lao. Kusambaza ni kueneza. Na neno lililoandikwa katika intaneti hufanya kama samaki wale. Unaliweka moja, dogo, jioni, kwa kidole kimoja. Asubuhi limefika Bukavu, limefika Kinshasa, limefika kwa ndugu zetu walio Ulaya. Huwezi tena kulirudisha. Hata ukilifuta katika simu yako, limekwisha kukaa katika simu za wengine. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki.

Basi kabla ya kuuliza, "Niandike nini?", mwandishi Mkristo hujiuliza kwanza: "Neno hili likizaana mara elfu, litalisha watu au litawatia sumu?"

III. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KWETU

Hakuna mtu wa Kalehe aliyesahau tarehe 4 Mei 2023. Siku hiyo ya Alhamisi mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, ikashusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza pamoja nasi.

Fikirini sasa mama aliye mbali, ambaye watoto wake walikuwa Nyamukubi siku ile. Simu yake iko mkononi. Mtu mmoja anaandika: "Wote wamekufa." Hakuwaona, amesikia tu njiani. Mwingine anatuma picha ya mwili uliolala matopeni, bila sitara wala heshima. Mwingine anatuma picha ya mafuriko ya nchi nyingine kabisa, ili apate kutazamwa na wengi. Na mwingine, mmoja tu, anaandika hivi: "Niko Bushushu, saa tisa ya alasiri. Barabara imekatika. Watu waliookoka wamekusanyika shuleni. Majina ya niliowaona kwa macho ni haya." Ni nani kati ya hao aliyekuwa jirani wa mama yule? Ninyi mmekwisha kusikia mfano wa Msamaria mwema. Jibuni wenyewe.

Tena tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Hesabu za waliokufa zilizotangazwa hazikupatana. Ikiwa wakubwa wenye ofisi na watumishi wengi walitofautiana katika hesabu, je, wewe uliye kilimani na simu yako utaandika hesabu kwa kubahatisha? Kila hesabu ya namna hiyo ni watu. Kila mmoja alikuwa na jina, na nyumbani kwake kulikuwa na mtu anayemngoja.

Ndiyo sababu tunasema kuandika ni kazi ya mapendo kabla ya kuwa kazi ya akili.

IV. JINSI YA KUANZA

Sasa shikeni haya saba, moja baada ya jingine.

La kwanza: anza katika daftari. Usinunue mega kabla hujajua utakalosema. Andika kwa kalamu, nyumbani, kwa utulivu. Kisha msomee mtu mwingine kwa sauti: mama yako, dada yako, mwenzako wa mafundisho. Akikuuliza, "Maana yake nini?", usimkasirikie. Pale alipokwama yeye, msomaji wa mbali atakwama pia. Futa, rekebisha, ndipo unakili katika simu.

La pili: chagua jambo moja unalolijua vizuri. Usiandike juu ya mambo ya dunia nzima. Wako wengi wanaofanya hivyo. Lakini ni nani atakayeandika jinsi kahawa inavyooteshwa katika mashamba yetu? Ni nani atakayesema ni daraja gani limebomoka, na mihogo inauzwaje sokoni Nyabibwe? Ni nani atakayehifadhi methali za Kihavu na Kitembo, pamoja na maana zake, kabla wazee wanaozijua hawajatuacha? Hayo hakuna mtu wa Paris wala wa Kinshasa awezaye kuyaandika kwa ajili yako. Shamba lako dogo, ukililima vema, lazaa kuliko msitu usioujua.

La tatu: sema jambo lenyewe mapema. Msomaji wako anasoma katika kioo kidogo, pengine moto wa simu unakaribia kwisha, tena kila ukurasa anaulipia. Kumpotezea fedha yake kwa maneno mengi si haki. Mwambie upesi: nani, nini, wapi, lini. Tumia aya fupi. Kichwa cha habari kiseme kilichomo ndani. Anayeandika juu, "Maajabu makubwa!", na ndani hakuna ajabu lolote, amemwibia msomaji kama mwuza maharage anayeweka mazuri juu ya kikapu na mabovu chini.

La nne: tenga uliyoyaona na uliyoyasikia. Jizoeze maneno haya matatu: "Nimeona," "Nimeambiwa na mtu aliyekuwapo," na "Haijajulikana bado." Hili la tatu halina aibu. Kabla ya kupeleka habari nzito, tafuta shahidi wa pili ambaye hakusikia kwa yule wa kwanza. Haraka haraka haina baraka.

La tano: omba ruhusa. Usiweke picha ya mtu bila yeye kukubali. Kwa mtoto, waulize wazazi. Mgonjwa kitandani, mwanamke aliyetendewa jeuri, maiti asiyeweza kujitetea: hao wafunike, kama wana wawili wa Nuhu walivyomfunika baba yao wakitembea kinyumenyume ili wasimtazame. Mwili wa mtu, hata uliokufa, unangojea ufufuko.

La sita: tia jina lako na tarehe. Mwandishi mwema hajifichi ili apate kutukana. Habari isiyo na tarehe huzunguka miaka mingi, na mafuriko ya zamani huwatisha watu kana kwamba yametokea leo. Lakini neno la siri la kufungulia ukurasa wako usimpe mtu yeyote, hata rafiki; mwingine akiandika kwa jina lako, lawama itakuwa yako.

La saba: dumu. Andiko moja kila juma, mwaka mzima, ni bora kuliko maandiko kumi kwa siku moja na kisha kimya. Mwanzoni watakusoma watu watatu. Mshukuru Mungu kwa ajili ya hao watatu. Akija mtu wa kukutukana, mjibu mara moja kwa upole, kisha unyamaze. Na ukigundua kwamba umekosea, usifute kimyakimya kama mwizi anayefuta nyayo, andika pale pale, "Nilisema hivi, haikuwa kweli, kweli ni hii." Msomaji atakuamini zaidi kesho.

V. AMRI YA NANE

Mmefundishwa kwamba Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Msidhani amri hii ni ya ulimi tu. Kidole kinachoandika ni ulimi mwingine.

Ziko dhambi tatu za kujihadhari nazo. Ya kwanza ni kuhukumu bila sababu: kuamini mara moja kwamba jirani ametenda baya, bila ushahidi wa kutosha. Ya pili ni kusengenya: kutangaza kosa la kweli la mtu mbele ya wasiolijua, bila sababu ya haki. Wengi hushangaa hapa, husema, "Lakini ni kweli!" Ndiyo, ni kweli, lakini si kila kweli ni yako kuitangaza. Ya tatu ni kusingizia: kumwekea mtu kosa ambalo hakulitenda. Hiyo ni mbaya kuliko zote, maana inaua jina, na mtu mwenye jina lililouawa huishi kama maiti kati ya watu wake. Katika nchi yetu wako waliofukuzwa katika nyumba zao, hata wakapigwa, kwa sababu mtu aliwaita wachawi. Maneno yalitangulia, mawe yakafuata.

Mwingine atasema, "Mwalimu, mimi sikutunga, nimepeleka mbele tu nilivyopokea." Ndugu yangu, aliyechukua kaa la moto jikoni kwa mwenziwe akalitupa juu ya nyasi za nyumba ya jirani, je, atajitetea kwamba moto hakuuwasha yeye? Hata sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya intaneti, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, haimwadhibu mwanzilishi wa habari ya uongo peke yake. Yamhusu na anayeipeleka mbele. Ikiwa serikali ya wanadamu yaona hivyo, Mungu anayeona moyoni ataona zaidi.

Tena kumbukeni wajibu wa kulipa. Aliyeiba mbuzi haitoshi aungame. Lazima arudishe mbuzi. Aliyeiba jina jema la mtu lazima alirudishe kadiri awezavyo: mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Ikiwa ulimsingizia mbele ya kundi la WhatsApp la watu mia mbili, haitoshi kwenda kumnong'oneza usiku, "Unisamehe." Hao mia mbili nao wasikie.

VI. MASHAHIDI WA NCHI YETU

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliandika barua nyingi na maombi kwa wakubwa wa dunia katika miaka 1994 hadi 1996, akiwatetea wakimbizi na watu wa Kivu. Aliandika hadharani, kwa jina lake, kwa ajili ya wasioweza kuandika. Hakuandika kwa chuki. Aliuawa katika mji wa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Na Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, hakuwa mwandishi wa vitabu. Alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Walimpa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie nchini. Alikataa, kwa sababu aliwafikiria watu watakaokila. Waliomkasirikia wakamwua mwezi Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Mtazameni vizuri: aliitiwa ruhusa moja tu ya uongo, wala hakuitoa. Anayeandika katika intaneti, kila siku aitiwa ruhusa ndogondogo za namna ile.

Lakini uhodari si upumbavu. Mwezi Januari 2025 vita vilifika Minova, na mwezi Februari vikafika Bukavu. Siku za namna hiyo mwandishi apime mara mbili. Usiandike wakimbizi wamejificha wapi, wala watapita njia gani, wala ni nani aliyewapokea. Usitaje jina la mtu ikiwa kutajwa kwaweza kumletea kifo. Usichukue habari ya upande mmoja ili kuchochea kabila juu ya kabila. Kunyamaza kwa ajili ya kulinda uhai si uongo. Yesu mwenyewe, mbele ya Herode, hakujibu neno. Twakatazwa kusema uongo. Hatukuamriwa kusema kila kitu, kila saa, kwa kila mtu.

VII. MASWALI YA KUJIFUNZA KWA MOYO

Swali: Je, mkatekumeni aweza kuandika katika intaneti?
Jibu: Ndiyo, aweza, akiandika kweli kwa haki na mapendo.

Swali: Kabla ya kupeleka neno, ajiulize nini?
Jibu: Ajiulize mambo matatu: Je, ni kweli? Je, lafaa? Je, lamheshimu jirani?

Swali: Asiyejua afanye nini?
Jibu: Aseme, "Haijajulikana bado," au anyamaze.

Swali: Anayepeleka mbele uongo wa mwingine, je, ana kosa?
Jibu: Anayo, akijua kwamba ni uongo, au akipuuza kuuchunguza.

Swali: Aliyeharibu jina la jirani afanyeje?
Jibu: Atubu, na alirudishe jina hilo mbele ya wote waliosikia.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mmoja atwae daftari, aandike mistari kumi tu juu ya jambo moja jema la kijiji chake, alilolishuhudia kwa macho yake, pamoja na mahali na tarehe. Asiye na simu aandike vilevile. Kalamu ilikuwako kabla ya simu. Asiyejua bado kuandika amsimulie mwenzake, naye amwandikie. Jumapili baada ya Misa tutasomeana, na tutasahihishana kwa upole.

Na kabla ya kuanza, fanyeni ishara ya msalaba, mseme:

Ee Mungu, uliyetuumba kwa Neno lako, uongoze mkono wangu. Nisiandike la kumwua ndugu. Nisifiche kweli kwa kuogopa watu, wala nisiitumie kweli kumwaibisha mnyonge. Wakumbuke waliokufa katika matope na katika maji. Na siku utakaponiita kutoa hesabu ya maneno yangu, yasiwepo hata moja nitakalotaka kulificha. Amina.